Tovuti ipo hewani, Google haiioni: pa kuangalia kabla hujamlipa mtu

Hapa Moshi tovuti hutengenezwa upya wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei mlima umejaa matope, wageni ni wa kuhesabu, waongozaji wako vijijini kwao kwenye migomba, na mwenye kampuni ndipo anapokumbuka kwamba tovuti yake bado ina picha za mwaka juzi. Fundi anaitwa, kazi inafanyika, na Juni ikiingia kila kitu kinang'aa. Kisha simu zinaanza. "Dada, tumelipa hela ndefu, mbona tukijitafuta hatujioni?"

Mara nyingi wakinipigia mimi tayari mtu ameshawauzia kifurushi cha SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya Google: maneno ya kutafutwa, viungo mia kutoka tovuti zisizojulikana na ripoti ya rangirangi kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyefungua mipangilio aone kama tovuti yenyewe ndiyo inayomwambia Google aiache. Hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani, na kulirekebisha hakuhitaji hata shilingi. Kwa hiyo anza na haya, hela ya mtu wa SEO ikae mfukoni kwanza.

Hakikisha kweli haipo

Kuandika jina la kampuni kwenye simu yako hakukupi jibu. Simu inakujua, na matokeo yako si ya mtu aliye Munich. Andika hivi kwenye Google, bila nafasi katikati, ukiweka anwani yako mwenyewe:

site:anwaniyako.co.tz

Usipoletewa ukurasa hata mmoja, tatizo huenda ni la tovuti nzima. Ukiletewa baadhi, zile muhimu hazipo, tatizo ni la kurasa fulani. Usihangaike na idadi, maana njia hii haionyeshi kila kilichomo.

Jibu la uhakika liko Google Search Console, ambayo ni bure (wakongwe waliijua kwa jina la Webmaster Tools hadi 2015). Unatakiwa kuthibitisha kuwa tovuti ni yako, na njia bora ni kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS ya domeini, yaani kwenye mipangilio ya jina lako la tovuti, kwa sababu inashika anwani zote kwa mkupuo, yenye www na isiyo nayo. Wengi wanakwama hapo. Kazi yenyewe si ngumu, ila domeini imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi wa zamani, ambaye siku hizi yuko Dodoma na hapokei simu. Kama ndivyo ilivyo kwako, thibitisha kwa kupakia faili la HTML au kwa lebo ndani ya ukurasa wa mwanzo. Kwa njia hiyo unahitaji tu kuweza kuingia kwenye tovuti. Lakini domeini uidai. Kwa adabu, ila uidai.

Ukishaingia, bandika anwani ya ukurasa kwenye ule upau wa juu kabisa. Utaambiwa uko Google au haupo, na chini yake utaona sababu. Isome sababu hiyo kabla hujagusa chochote. "Excluded by 'noindex' tag" (ukurasa wenyewe unaomba usiorodheshwe) ni jambo moja, "Blocked by robots.txt" (faili la tovuti linamzuia Google kuingia) ni jambo jingine kabisa, na nimeona watu wakihangaika na la pili wiki nzima wakati wanaumwa la kwanza.

Tiki moja ndani ya WordPress

Tovuti nyingi za utalii ninazozishika hapa mjini ni za WordPress, programu ya kujengea tovuti, na chanzo ninachokikuta kuliko vyote ni kisanduku kimoja. Kiko Settings, kisha Reading, chini kabisa, kimeandikwa "Discourage search engines from indexing this site". Kikiwa na tiki, kila ukurasa unabeba maneno ya kuwaambia Google na wenzake wasiuorodheshe.

Mwaka huu nilikuwa Marangu Mtoni kwa mama mmoja anayelaza wageni nyumbani kwake. Nyumba nzuri, kahawa yake mwenyewe inayoanikwa uani, na tovuti aliyotengenezewa na kijana wa mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, njoo uniambie. Mjerumani aliyelala hapa ananiambia alinitafuta kwa jina, kaletewa nyumba ya watu wengine. Akanipata kwa kuulizia stendi!"

Tukafungua dashibodi kwenye kompyuta yake. Kwenye kile kiboksi cha "At a Glance", chini ya idadi ya kurasa na toleo la WordPress, kulikuwa na mstari mdogo: "Search engines discouraged". Ulikuwa unamtazama kila alipoingia kubadilisha bei ya vyumba. Ukiubofya unakupeleka moja kwa moja kwenye kisanduku. Tukatoa tiki, tukabofya Save Changes.

Yule kijana sitamlaumu kwa kuiweka. Ukijenga tovuti kwenye anwani ya majaribio ni sahihi kabisa kuweka tiki hiyo, la sivyo Google itachukua kurasa zenye bei za uongo na maandishi ya Kilatini ya kujazia. Tatizo ni siku ya kuhamisha. Tiki hiyo inahifadhiwa kwenye hifadhidata pamoja na makala na mipangilio mingine, kwa hiyo ukinakili hifadhidata nzima kwenda anwani halisi, nayo inapanda gari hilohilo. Hakuna kengele inayolia. Tovuti inafunguka vizuri, fomu inafanya kazi, picha zinapakia. Basi watu wanaona kazi imekwisha.

Ushauri wa zamani mtandaoni unasema ukaangalie robots.txt uone kama tiki ipo. Ilikuwa kweli hadi 2019. Kuanzia WordPress 5.3 kisanduku hicho kinaweka lebo ya noindex ndani ya kurasa, na robots.txt yako inaweza kuwa safi kabisa huku umefungiwa. Dalili nyingine: tangu toleo la 5.5 la 2020 WordPress inatengeneza yenyewe ramani ya tovuti (orodha ya kurasa zake) kwenye anwani inayoishia na wp-sitemap.xml. Tiki ikiwepo, ramani hiyo inazimwa. Ila kama una plagini (programu ya nyongeza) ya SEO, kuna uwezekano imeweka ramani yake mahali pengine, kwa hiyo usiitegemee dalili hii peke yake.

Wa Blogger aende Settings, atafute "Visible to search engines" chini ya Privacy, aiwashe. Wix nayo ina swichi ya tovuti nzima na nyingine kwa kila ukurasa. Jambo ni lilelile.

Ukurasa mmojammoja, au safari zote kwa pamoja

Kama ukurasa wa mwanzo unaonekana lakini mingine haionekani, angalia ndani ya ukurasa wenyewe. Kwa simu ya Android, fungua Chrome, weka view-source: mbele ya anwani ya ukurasa, kisha tumia kutafuta ndani ya ukurasa neno noindex. Ukikuta mstari wa namna hii, umempata mbaya wako:

<meta name="robots" content="noindex, nofollow">

Fanya hivyo ukiwa hujaingia kama msimamizi, maana ukiwa umeingia unaweza kuonyeshwa kitu tofauti na anachokiona mgeni.

Sasa nani kauweka? Kama unatumia plagini ya SEO kama Yoast au Rank Math, kila ukurasa una sehemu ya Advanced yenye swali la kama uonekane kwenye matokeo ya utafutaji. Ni rahisi mtu kuligusa akiwa anatafuta kitu kingine. Lakini linalonisumbua zaidi kwa kampuni za mlima ni la ngazi ya juu yake. Templeti za utalii hazihifadhi safari kama kurasa za kawaida. Zina aina yake ya maudhui, huitwa Tours au Trips. Plagini ya SEO inakuruhusu kuzima aina nzima kwa swichi moja. Matokeo yake "Kuhusu sisi" inaonekana Google, makala ya "vitu vya kubeba" inaonekana, halafu safari za njia za Kilimanjaro, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe, zote hazipo. Yaani mgeni anaweza kukusoma wewe ni nani, ila unachouza hakioni. Kwenye Yoast nenda Settings, sehemu ya Content types, chagua aina ya safari zako, hakikisha imeruhusiwa kuonyeshwa kwenye matokeo.

Mara chache noindex haimo ndani ya ukurasa kabisa bali inatumwa na seva kwenye vichwa vya majibu, kwa jina X-Robots-Tag. Search Console itakutajia kwa jina hilohilo. Itafute kwenye faili la mipangilio ya seva, .htaccess, au mwandikie anayekuhudumia hostingi (seva inapokaa tovuti), umnukulie maneno hayo bila kuyatafsiri.

robots.txt, na kosa la kufunga mara mbili

Fungua anwani yako ukiongeza /robots.txt mwishoni. Ni faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, lako na la jirani yako. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukakaa miaka yote hiyo kama makubaliano tu, hadi 2022 ulipoandikwa rasmi kama kiwango cha mtandao, RFC 9309.

Ukikuta hivi, hali ni mbaya:

User-agent: *
Disallow: /

Nyota maana yake roboti wote. Mkwaju (/) peke yake maana yake tovuti nzima kuanzia mlangoni. Uufute mkwaju huo, ubakize Disallow: bila kitu mbele yake, na maana inageuka kabisa: hakuna kilichozuiwa. Herufi moja. WordPress ya kawaida huzuia /wp-admin/ tu, na hiyo iache ilivyo.

Kumbuka pia faili hili ni la kila anwani kivyake. La www halihusu booking.anwaniyako.co.tz.

Sasa sehemu ambayo hata mafundi wazuri wanaikoroga. robots.txt inazuia kutembelewa. noindex inazuia kuorodheshwa. Hayo si mamoja. Mtu anataka ukurasa fulani utoke Google, anauwekea noindex, halafu "kwa usalama zaidi" anauzuia na kwenye robots.txt. Ni sawa na kubandika tangazo sebuleni kisha ukafunga geti: msomaji hafiki lilipo. Googlebot, roboti wa Google anayetembelea tovuti, amezuiwa kuingia, kwa hiyo hiyo noindex haioni kamwe, na kama kuna tovuti nyingine zinazouelekeza ukurasa ule kwa viungo, anwani yake inaweza kubaki kwenye matokeo bila maelezo yoyote chini yake. Wanaotaka kutoka wanabaki. Dawa inaonekana kama kichekesho: fungua robots.txt ili noindex isomwe, subiri ukurasa utoke. Na usijaribu kuandika noindex ndani ya robots.txt yenyewe, Google iliacha kuiheshimu Septemba 2019.

Ukibadilisha faili usitegemee majibu dakika hiyohiyo. Google hulihifadhi kwa hadi saa 24. Ndani ya Search Console, kwenye Settings, kuna ripoti ya robots.txt ambapo unaweza kuomba lisomwe upya.

Na kama robots.txt yako haifunguki bali inaleta kosa la seva, la mia tano na kitu, Google mwanzoni huchukulia kwamba amekatazwa tovuti nzima. Faili kutokuwepo kabisa, yaani 404, hakuna shida. Hostingi ya bei ya chini inayozidiwa kila jioni ni shida.

Kurasa za Kiswahili zinazopotea

Hili nalipenda kwa sababu ni letu. Kampuni nyingi sasa zina upande wa Kiingereza kwa wageni wa nje na upande wa Kiswahili wenye bei za Watanzania: vikundi vya shule vinavyopanda hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyohiyo, wafanyakazi wanaotaka kwenda Materuni kuona maporomoko. Upande wa Kiswahili hauonekani Google. Tiki haipo, noindex haipo, robots.txt safi.

Tazama chanzo cha ukurasa tena, safari hii utafute neno canonical. Ni lebo iliyoletwa mwaka 2009 na Google, Yahoo na Microsoft kwa pamoja, na kazi yake ni kusema "kati ya kurasa zinazofanana, huu ndio halisi". Kuna templeti na plagini za lugha ambazo, zikipangwa vibaya, zinaandika kwenye kila ukurasa wa Kiswahili kwamba ule halisi ni wa Kiingereza. Google anatii na kuuweka pembeni. Si lazima atii, kwake hilo ni pendekezo, lakini mara nyingi hulikubali. Kwenye Search Console utaandikiwa "Alternate page with proper canonical tag", maneno ya upole kiasi kwamba mtu anayasoma na kuendelea na chai yake.

Inavyotakiwa: ukurasa wa Kiswahili ujitaje wenyewe kama canonical, wa Kiingereza nao ujitaje, kisha lebo za hreflang, zinazotaja lugha ya kila ukurasa, sw na en, ziunganishe hizo mbili kwenda na kurudi. Plagini za lugha zinaweza kuyafanya haya ukizipanga sawasawa. Kagua kurasa mbili tatu kwa macho yako.

Ukuta uliomfukuza na Googlebot

Kaka mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni, ofisi yake haiko mbali na Double Road, alichoshwa na maombi ya uongo kwenye fomu yake. Fundi wake akafunga nchi zote isipokuwa Tanzania na zile za Ulaya wanakotoka wageni wao. Maombi ya uongo yakapungua kweli. Baada ya muda kurasa zikaanza kudondoka Google moja baada ya nyingine.

Googlebot hutembelea tovuti kwa sehemu kubwa kutokea anwani za Marekani. Ukiifunga Marekani umemfunga naye. Ukifungua tovuti ukiwa Moshi inafunguka bila shida, ndiyo maana hakuna anayeshuku. Njia ya kugundua ni ileile ya Search Console: bandika anwani, bofya "Test live URL", uone kama inaleta 403, yaani kukatazwa kuingia. Kwenye Cloudflare na kuta nyingine nyingi za kulinda tovuti kuna kipengele cha kuruhusu roboti wanaojulikana. Kiweke juu ya sheria ya nchi. Fomu yenyewe ilinde kwa njia nyingine.

Ukisharekebisha

Futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) kwanza. Plagini ya kashe na Cloudflare zinaweza kuendelea kutoa ukurasa wa zamani wenye noindex wakati wewe umeshaitoa. Kisha "Test live URL" tena; likikubali, bofya "Request indexing" kwa kurasa chache za maana: ya mwanzo, safari mbili tatu zinazouzika, mawasiliano. Zingine zitafuata kupitia ramani ya tovuti, ambayo unaiwasilisha mara moja kwenye sehemu ya Sitemaps. Kubofya ombi lilelile mara kumi hakuharakishi kitu, na kuna kikomo kwa siku.

Halafu subiri. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu ukaguzi huu ufanyike Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha, kwa sababu anayegundua Juni katikati anakuwa ameshawapoteza wanaotafuta safari za Julai.

Kuna ujumbe mmoja ambao hakuna mpangilio utakaouponya: "Crawled – currently not indexed". Google amekuja, amesoma, na ameamua kuuacha. Hakuna tiki ya kutoa. Kwa kampuni zetu sababu ninayoikuta ni kwamba ukurasa wa Machame umenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mwingine: siku ya kwanza lango la Machame hadi kambi ya Machame, chakula cha jioni, kulala. Andika unavyoipandisha wewe. Mpishi wako anapika nini kambi ya Barranco? Wageni wako wanaamshwa saa ngapi usiku wa kwenda kilele cha Uhuru? Anayekuuzia "kuorodheshwa papo hapo" kwa kurasa za aina hii anakuuzia hewa.

Vilevile usifungue kila kitu kwa hasira. Ukurasa wa "asante kwa malipo", matokeo ya utafutaji wa ndani, nakala ya majaribio, hivyo viwe na noindex daima. Ila nyaraka za siri ni suala jingine. Fomu za wageni mara nyingi hupokea picha za pasipoti, na baadhi ya plagini huzirundika kwenye folda ya uploads ambapo yeyote mwenye kiungo anaweza kuzifungua. noindex haizilindi, na robots.txt ni mbaya zaidi kwa sababu inawatangazia watu folda iko wapi. Zihamishe mahali penye nywila. Kama zimeshaonekana Google, tumia Removals ndani ya Search Console kuzificha haraka, lakini ujue inadumu takriban miezi sita tu. Faili lenyewe liwe limeondoka kwenye anwani hiyo kabla muda huo haujaisha.